Mwenda Tezi na Omo: Safari ya Umeme Chomboni

Wahenga wa mwambao walinena: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maana yake yafahamika. Mtu azunguke atakavyo chomboni, aende nyuma kwenye tezi na mbele kwenye omo, mwisho wake atarudi katika tumbo la chombo, kwani hana pengine pa kwenda. Methali hii ilizaliwa zamani, kabla umeme haujatajwa katika pwani hii. Lakini fundi anayetandaza nyaya katika mashua ndogo hapati kanuni fupi kuliko hiyo wala iliyo kweli zaidi kwa kazi yake. Mkondo wa umeme hutoka kwenye betri, hupanda mlingotini, huwasha taa, na hapana budi urejee kwenye betri. Ukikatiwa njia ya kurudia, taa haiwaki. Ukiachiwa njia mbovu, hujitafutia nyingine, na baharini njia nyingine iko karibu mno: ni maji ya chumvi yaliyotuama ngamani.

Historia ya umeme katika vyombo vidogo ni historia ya marejeo hayo. Nayo huanza mbali, zama ambazo mabaharia waliyaona madhara ya umeme kwenye misumari yao bila ya kulijua jina lake.

Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na kueleza kuwa jina hilo limetokana na mashua za kushonwa zilizoonekana huko. Karne nyingi baadaye, al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri katika bahari hii na kuondoka Kanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wanahistoria wengi hudhani kuwa ndicho Pemba, aliandika sababu ya ushonaji huo. Alisema kuwa maji ya bahari hii hula chuma, misumari ikalainika na kudhoofika. Kwa hiyo watu wakashona mbao kwa nyuzi na kuzipaka mafuta. Wataalamu wa siku hizi huongeza sababu nyingine: chombo cha kushonwa hunyumbuka kinapopwelewa mchangani, na chuma hakikupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, al-Masudi hakukosea katika alichokishuhudia. Bahari hula chuma. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi na kupigwa vigingi vya mti, ulisafiri katika pwani hii hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na katika maungo yake yote bahari haikupata msumari wa kula.

Sababu ya ulaji huo ilianza kufichuka katika chombo cha taifa jingine. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika manowari yake Alarm mabamba ya shaba sehemu yote iliyo chini ya maji, ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Manowari ilipelekwa visiwa vya Karibi. Iliporejea ikakaguliwa mwaka 1763, na mafundi walikuta jambo la ajabu. Shaba ilikuwa salama, wadudu hawakupenya, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Penye baadhi ya misumari, karatasi ya kahawia iliyofungiwa mabamba yalipotoka kiwandani ilikuwa imesahauliwa kati ya shaba na chuma. Na hapo misumari ilikuwa mizima. Karatasi ile, iliyobaki kwa uzembe wa mtu asiyejulikana, yaweza kuhesabiwa miongoni mwa maganda ya mwanzo ya kuuzuia umeme baharini.

Jibu la fumbo hilo lilitoka nchi kavu. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza kuwa amepanga visahani vya fedha na zinki kimoja juu ya kingine, na kati ya kila jozi akaweka kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Mnara huo mdogo ulitoa mkondo wa umeme usiokatika, nao ndio betri ya kwanza. Ukiangaliwa vyema, vitu alivyovitumia Volta ni vilevile vilivyokuwa chini ya Alarm: metali mbili zisizofanana na maji ya chumvi kati yao. Manowari ile ilikuwa betri iliyoelea, isiyo na taa ya kuwasha, na nguvu yake yote iliishia katika kuila misumari yake yenyewe.

Aliyeunganisha habari hizi mbili ni Humphry Davy wa Uingereza. Mwaka 1824, alipoombwa na jeshi la majini atafute namna ya kuzuia shaba isilike, alieleza kuwa metali mbili zikikutana ndani ya maji ya bahari, ile iliyo dhaifu hujitoa ili nyingine isalimike. Akashauri vipande vya zinki au chuma vifungwe juu ya shaba, viliwe badala yake. Shaba ilisalimika kweli. Ila ilisalimika kupita kiasi, kwani ilipoacha kulika iliacha pia kutoa sumu yake, na konokono na mwani wakashikamana nayo hata vyombo vikawa vizito kwenda. Shauri lake likaachwa. Lakini elimu ile haikupotea. Hadi leo, kwenye mhimili wa rafadha ya mashua yenye mashine, hufungwa donge la zinki ambalo kazi yake ni kuliwa, na nahodha makini hulibadilisha kabla halijaisha.

Ikiwa bahari ilikuwa na umeme wake, mabaharia waliutaka umeme wa namna nyingine, nao ni wa kutoa mwanga. Kwa karne nyingi taa ya chomboni ilikuwa kandili ya mafuta, iliyozimwa na upepo, iliyopasuliwa na mvua, na iliyoweza kuunguza tanga na chombo chote. Shida ya kutoonana usiku ilizidi pale meli za moshi zilipoanza kwenda kasi bila kungoja upepo. Uingereza ilitoa kanuni mwaka 1848 kuzitaka meli za moshi ziwe na taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, na mwaka 1858 taa hizo zikatakiwa pia katika vyombo vya tanga. Tangu hapo baharia anayeona nyekundu gizani hujua kuwa anauona ubavu wa kushoto wa mwenzake, na akiona nyekundu na kijani kwa pamoja hujua kuwa anajiwa usoni. Ni lugha ya maneno machache, na kosa la neno moja ndani yake huweza kugharimu roho za watu.

Umeme ulipofika vyomboni ulianza kwa kuvuta, kisha ndipo ukaangaza. Mwaka 1838, katika mto Neva mjini Saint Petersburg, Moritz Jacobi aliendesha mashua ya magurudumu ya maji kwa nguvu za betri, ikiwa na abiria zaidi ya 10, kwa mwendo usioshinda wa mtu anayetembea. Betri zake zilikuwa za kutumika mara moja: zinki ikiisha, safari imekwisha. Mwaka 1859 Gaston Planté wa Ufaransa alizamisha mabamba ya risasi ndani ya asidi akapata betri inayoweza kujazwa tena, na mwaka 1881 Camille Faure akaiboresha hata ikafaa kutengenezwa kwa wingi. Mwaka huohuo wa 1881 Gustave Trouvé alipita mto Seine mjini Paris katika mashua ndogo ambayo mota yake ilifungwa juu ya usukani na kuweza kung'olewa, mfano wa mbali wa mashine za kupachika zinazoonekana leo katika kila bandari ya wavuvi. Mwaka mmoja kabla yake, 1880, meli ya Kimarekani Columbia ilikuwa imefungwa taa za globu za Thomas Edison, zaidi ya 100, zikitiwa nguvu na dainamo zilizokuwamo melini.

Habari hizi hazikuwa mbali na visiwa vya Waswahili kama inavyodhaniwa. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilizamishwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji hadi Afrika ya Kusini. Kebo za aina hiyo zilikuwa na njia moja tu ya shaba katikati; marejeo ya mkondo yalikuwa bahari yenyewe. Mwaka 1883, katika utawala wa Seyyid Barghash, Beit al-Ajaib ilisimamishwa mbele ya bandari ya Unguja, na inakumbukwa kuwa jengo la kwanza kisiwani kuwa na taa za umeme. Katika nyumba hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipokuwa makumbusho, palijengwa mtepe mpya kwa ushonaji wa kale, ukawekwa watu wautazame, hadi sehemu ya jengo ilipoanguka Desemba 2020. Kwa miaka hiyo, chombo kisicho na msumari hata mmoja kilikaa chini ya dari iliyowahi kuangazwa na umeme wa mwanzo kisiwani.

Kebo ya Aden ina funzo ambalo mafundi wengi walikuja kulisoma kinyume. Iliweza kuitumia bahari kuwa njia ya kurudi kwa sababu mkondo wake ulikuwa hafifu, na kwa sababu mabamba ya kupokelea mkondo huo yaliwekwa makusudi kwa kazi hiyo. Mashua haina mabamba ya namna hiyo. Mkondo wa taa na pampu ukirudi kupitia majini, utatokea kwenye kitu kilicho karibu, nacho ni rafadha, au mhimili wake, au bomba la shaba linalopitisha maji ubavuni. Kila mkondo utokapo kwenye metali na kuingia katika maji ya chumvi, huondoka na chembe za metali hiyo. Ulaji wa kawaida wa bahari huchukua miaka. Ulaji unaosukumwa na betri huweza kumaliza kazi hiyo kwa majuma machache, na pengine kwa siku.

Kosa hili lilipata nguvu kutoka barabarani. Motokaa zilipoenea, watengenezaji walipunguza gharama kwa kutumia waya mmoja wa kupeleka umeme na kuuacha urudi kupitia bodi ya chuma ya gari. Barabarani mpango huo unafaa. Betri ya volti 12 ilipokuwa ya kawaida katika magari, bei yake ikashuka, ikaingia pia katika mashua. Na mara nyingi fundi aliyeifunga alikuwa fundi wa magari, aliyekuja na mazoea yake. Mbao haipitishi umeme kama bodi ya gari. Akakosa pa kurudishia, akafunga waya wa kurudi kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine mkondo ukapata mhimili, na kutoka kwenye mhimili ukaipata bahari. Taa iliwaka, mwenye chombo akashukuru, na chini ya maji kazi nyingine ikawa imeanza.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya nyaya chomboni ni kuwa kila kifaa kiwe na nyaya mbili: mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, zote zikiwa na maganda yake, zote zikikutana mahali pamoja karibu na betri. Hayo mengine yote hufuata hapo. Betri hukaa chini katikati ya chombo ili isikiyumbishe, lakini juu ya mahali maji ya ngama yanapoweza kufika. Hufungwa kwa mikanda isihame wakati wa mawimbi, na huachiwa hewa, kwani betri ya risasi inapojazwa hutoa hidrojeni, hewa inayolipuka. Karibu kabisa na ncha yake ya chanya huwekwa fyuzi. Kanuni za mashua za Marekani hutaka kwa kawaida umbali huo usizidi inchi 7. Sababu yake ni nyepesi. Waya uliokwanguka kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Huweza kuwa mwekundu kama kaa la moto, na nahodha hana pa kukimbilia.

Waya wenyewe huchaguliwa kwa makini. Ule wa uzi mmoja mnene, utumikao katika kuta za nyumba, hukatika kwa mtikisiko wa mashine na mawimbi. Chombo hutaka waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Tena nyuzi hizo zikiwa zimepakwa bati hudumu zaidi, kwani hewa ya chumvi huingia ndani ya ganda la waya na kuigeuza shaba tupu kuwa unga wa kijani. Viungo huminywa kwa koleo lake na kufunikwa, na kila waya unaoelekea kwenye kifaa huachiwa kitanzi kinachoning'inia kidogo, ili tone la maji likishuka lianguke hapo badala ya kuingia kwenye kiungo.

Unene wa waya ndipo penye hesabu ambayo wengi huidharau. Taa ya zamani ya globu yenye wati 25, kwa betri ya volti 12, huvuta takriban ampea 2. Ikiwa mlingotini, mita 10 kutoka kwenye betri, mkondo husafiri mita 20, kwa kuwa kurudi nako ni safari. Katika waya wa milimita moja ya mraba, safari hiyo hupoteza takriban volti 0.7, na taa hupungukiwa na mwanga karibu sehemu moja kati ya tano. Waya wa milimita mbili na nusu hupunguza hasara hiyo isifike hata nusu yake. Fundi aliyehesabu mita 10 badala ya 20 amesahau marejeo, na sahau yake huonekana kwa macho, juu ya mlingoti, kila usiku.

Kufifia huko kuna maana gani? Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zinataka taa za ubavuni za chombo kisichofika mita 12 zionekane kutoka maili moja ya baharini. Meli iendayo mafundo 15 humaliza maili hiyo kwa dakika 4. Katika dakika hizo mlinzi aliye juu ya meli hana budi aione taa, aitambue rangi yake, aamue, na meli nzito ianze kugeuka. Taa ikififia, dakika hizo hupungua. Kutu kidogo katika kiungo kimoja, mahali pasipofikiwa na jicho, huzipunguza vilevile.

Kanuni hizo hazikuwasahau wanyonge. Chombo cha tanga kisichofika mita 7, kisichoweza kufunga taa zote, kinaruhusiwa kuwa na tochi au kandili iliyowashwa, tayari mkononi, ionyeshwe mapema kabla ya mgongano. Ngalawa na dau dogo huingia humo. Ni ruhusa ya huruma, lakini ina sharti lake: mwenye tochi awe macho kuiona meli, kwani meli haimwoni yeye.

Miaka ya karibuni mzigo umekuwa mwepesi. Seli ya jua iliyoweza kutoa umeme wa kufaa kwa matumizi ilionyeshwa Marekani mwaka 1954. Taa za diodi, zilizoanza na rangi nyekundu mwaka 1962, zilipata rangi ya buluu miaka ya 1990, na kwa hiyo zikaweza kutoa mwanga mweupe, kazi iliyowapatia Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Taa ya mlingotini iliyohitaji ampea 2 sasa huridhika na robo ya ampea. Kwa usiku wa saa 12, ile ya zamani iliinywa betri ampea-saa 24. Hii mpya hunywa 3 tu, na kipande kidogo cha sola huzirudisha kabla ya adhuhuri. Wavuvi wa dagaa, ambao kwa miaka mingi walitoka usiku usio na mwezi wakiwa na karabai za mafuta ya taa, wengi wao sasa huvuta samaki kwa taa za diodi na betri.

Lakini taa ya kuvutia dagaa haichukui nafasi ya taa ya njia. Kanuni zilezile zinakataza mwanga wowote unaoweza kudhaniwa kuwa taa ya njia au kuificha. Na betri nyepesi haikuondoa ulazima wa nyaya mbili, wala fyuzi, wala zinki. Umeme mdogo nao hurudi, na ukikosa pake hupita majini kama wa zamani.

Kwa hiyo fundi mzoefu, akimaliza kazi, huzima kila kifaa, huuondoa waya wa chanya kwenye betri, na kati ya waya na betri huweka taa ndogo ya majaribio. Taa hiyo ikibaki giza, mkondo mkubwa hauvuji. Ikiwaka, hata kwa wekundu hafifu wa ncha ya udi, kuna umeme unaopita mahali asipopajua, naye huanza kufuata waya mmoja mmoja, kutoka tezi hadi omo, mpaka apaone. Chombo hakishushwi majini kabla ya hapo.